Soma Namba ya Nozeli Kabla Hujalaumu Mashine

Mafundi wenzangu, naanza na namba, kwa sababu kila ninapozungumza na watu wa kazi hii nakuta namba ndiyo haisomwi. Fungua nozeli moja, kile kichwa kidogo kinachopuliza maji, kwenye mkono wa mashine yako ya kusafishia zulia, yaani bomba unaloshika la kupulizia na kunyonya. Ifute, igeuze kwenye mwanga. Utakuta imechongwa 11002, au 9501, au 110015. Tarakimu za mwanzo ni nyuzi za pembe ambayo maji yanafunguka: 110, 95, 80. Zinazofuata ni kiasi cha maji: 02 ni galoni 0.2 za Marekani kwa dakika, na 015 ni galoni 0.15 (galoni moja ni kama lita 3.8). Na vipimo hivyo vimechukuliwa kwa presha ya psi 40, yaani pauni 40 kwa kila inchi ya mraba. Psi 40! Nani hapa anafanya kazi kwa psi 40?

Kwa hiyo lazima upige hesabu, na nitaipiga polepole maana hapa ndipo watu huanza kuangalia simu. Maji hayapandi sambamba na presha. Ukitaka nozeli itoe maji maradufu, presha iwe mara nne. Nozeli ya 02 inatoa galoni 0.2 kwa psi 40, inatoa 0.4 kwa psi 160, na kwa psi 400, presha ya zile mashine kubwa za kwenye gari, inatoa kama 0.63. Sasa jumlisha namba za nozeli zote za mkono mmoja. Nne za 015 ni 06. Kwa psi 400 hizo ni kama lita 7.2 kwa dakika. Badilisha ziwe nne za 02, jumla inakuwa 08, na umefika lita 9.6. Karibu lita mbili na nusu zaidi kila dakika ambayo umebana triga, wakati mdomo wa kunyonya ni uleule na mota ya kunyonya ni ileile. Maji hayo ya ziada yanakwenda wapi? Yanashuka kwenye kitako cha zulia na yanabaki huko. Mteja anaona unyevu kesho yake, harufu siku ya pili, na madoa ya kahawia yanayopanda juu zulia likikauka.

Niliwahi kuletewa mashine ndogo ya kusukuma kwa mkono, malalamiko ni kwamba hainyonyi. Pampu yake ni ya psi 100, na hata ukiiachia maji yatoke bila kizuizi chochote haizidi galoni moja kwa dakika. Mkono ulikuwa na nozeli mbili za 02. Mwenyewe alitaka ifanye kazi kwa nguvu zaidi, akaweka mbili za 04. Pigeni hesabu. Mbili za 02 kwa psi 100 zinahitaji kama galoni 0.63, pampu inaziweza bila shida. Mbili za 04 zinahitaji karibu 1.26, na pampu hiyo haina. Kwa hiyo presha inaanguka, haifiki hata psi 65. Maji yakatoka mengi na mazito, hayana msukumo wa kufika kwenye mizizi ya nyuzi za zulia. Akapata maji mengi zaidi na usafi mdogo zaidi, kisha lawama akaipeleka kwenye mota. Mota haikuwa na kosa lolote. Tulirudisha 02, malalamiko yakaisha.

Najua kuna mtu hapo nyuma ameshaandaa jibu: zulia limechafuka kupita kiasi, lisipomwagiwa litasafishikaje? Ndugu yangu, uchafu unaachiliwa na dawa uliyopulizia kabla, na muda ulioipa, na brashi, na joto la maji. Nozeli kazi yake ni kusuuza. Zulia likihitaji zaidi, pita mara ya pili taratibu, halafu pita mara mbili bila kubana triga, unyonye tu. Na anayesema nozeli za kiwandani haziguswi, nakubaliana naye kwa nusu. Kiwanda kilizichagua kwa pampu ile na mpira wa maji wa urefu ule. Ukiongeza mpira, geji ya presha ya kwenye mashine itaendelea kusoma vilevile, lakini presha inayofika mkononi imepungua.

Sasa upana, na muda unanikimbiza. Nozeli hizi hufungua maji kama pazia. Kwa hesabu tupu, nozeli ya nyuzi 110 iliyo sentimita 10 juu ya zulia inafunika kama sentimita 29, na ya nyuzi 80 inafunika kama 17. Mapazia lazima yapandane kidogo pembeni. Yasipofikiana, unabaki mstari mchafu unaofuata njia ya mkono, na mstari huo hauondoki kwa kupita mara kumi. Yakitoka nje ya mdomo wa kunyonya, unalowesha mahali usipopanyonya. Kila nozeli izungushwe kidogo, zote upande mmoja, ili mapazia yapishane bila kugongana. Yakigongana, maji hukusanyika pale katikati. Kujua ni rahisi: weka boksi kavu sakafuni, shika mkono kwa mwinamo uleule unaofanyia kazi, bana triga mara moja na uachie. Boksi litakuonyesha kila kitu. Usishike mkono wima, hakuna anayefanya kazi hivyo.

Mtaniuliza: nozeli mbili za 03 au nne za 015, si jumla ni ileile? Ni ileile. Nne zinasambaza vizuri zaidi zikiwa karibu na zulia, lakini tundu zake ndogo huziba haraka. Maji yako yakiwa na chokaa na huna chujio zuri, mimi ningechukua mbili.

Kuziba: loweka kwenye siki, sugua kwa brashi laini. Sindano sitaki kuiona. Ukilikwaruza tundu la shaba, ile namba iliyochongwa imekuwa uongo, na pazia limepinda kabisa. Hata bila sindano, tundu hulika kwa matumizi, na chuma cha pua hudumu kuliko shaba.

Nilitaka kuzungumzia joto linavyopotea matone yakiwa madogo mno, lakini naona naonyeshwa saa. Basi leteni nozeli zenu hapa mezani, mpya na kuukuu za namba moja. Tutazifunga kwenye mkono huu moja moja, presha ileile, tukinge dakika moja kwenye jagi. Kuukuu ikizidi mpya kwa sehemu moja ya kumi, haitoki hapa mezani.