Mbwa Anajikuna? Niambie Kwanza Anajikuna Wapi

Haya watu wangu, mambo vipi! Leo hatuendi madukani wala hatuongelei kodi za nyumba. Leo niko chini sakafuni na mbwa wangu, Tomi. Wale wa Tanga, Mwanza na Nakuru mnaoniandikia kila siku "dada, mbwa anajikuna mpaka anatoka damu, nimpe dawa gani", kaeni hapa. Na shangazi yangu anayeuliza mbwa anafanya nini sebuleni: shikamoo shangazi, hilo tutaliongea kwa simu.

Dawa tutaifikia. Mimi nataka kwanza uniambie anajikuna wapi.

Mwangalieni huyu. Tangu asubuhi anautafuna mguu wa mbele, huu. Ngoja nisogeze kamera. Tomi, tulia baba. Nikivipanua vidole hivi… mnaona? Kuna kitu cha rangi ya chungwa, kama binzari imemwagikia kwenye ngozi. Sasa hao ni wadudu, wako hai. Ni utitiri wachanga wa kwenye nyasi. Hapa Winchester, kusini mwa Uingereza, ardhi ni ya chokaa, na kuanzia Julai mpaka Oktoba wanakuwa wengi. Mchanga ana miguu sita. Akikua anapata minane na hana tena haja na mbwa. Huyu mchanga anapanda juu ya jani, mnyama akipita anamdandia, anatafuta ngozi laini: katikati ya vidole, tumboni, au kwenye kile kikunjo kidogo cha pembeni mwa sikio. Damu hanywi. Anatema mate yanayoyeyusha ngozi halafu anafyonza yale majimaji. Siku mbili tatu anadondoka mwenyewe, ila mwasho anauacha.

Lakini vidole sikuanza navyo. Nilianza mkiani, na wewe anzia huko, kwa sababu mbwa anayejitafuna kiunoni, kwenye shina la mkia na nyuma ya mapaja, mshukiwa wa kwanza ni kiroboto.

Chukua chanuo la meno yaliyobanana, lile la kutolea chawa. Lipitishe kutoka kiunoni mpaka mkiani, hadi kwenye ngozi kabisa. Kile kilichonasa kigongee juu ya tishu nyeupe iliyoloa maji. Subiri kidogo. Vile vidoa vyeusi vikibaki vyeusi, ni vumbi. Vikianza kuchuja duara jekundu la kahawia, hiyo ni damu ya mbwa wako iliyokwisha pita kwenye tumbo la kiroboto. Choo chake hicho.

Na usiniambie "nimemkagua, sijaona hata mmoja". Mbwa mwenye aleji ya mate ya kiroboto, kuumwa mara moja tu kunaweza kumtia wazimu, na huyohuyo aliyemng'ata keshamezwa katika kule kujilamba. Halafu jike mmoja anataga mayai 40 mpaka 50 kwa siku, na hayakai juu ya mbwa. Yanadondoka kwenye zulia, kwenye gunia analolalia, kwenye nyufa za sakafu, kwenye vumbi la banda. Mdudu akishajifunga ndani ya kifukofuko anaweza kungoja humo miezi. Ndiyo maana unamwogesha mbwa leo, baada ya wiki mbili mambo ni yaleyale, unaanza kumlaumu mwenye duka kwamba dawa ni feki. Hujafua gunia, hujafagia banda, na mbwa wawili wengine wa hapo nyumbani hujawagusa!

Akijikuna kingo za masikio, viwiko na visigino, na manyoya yanaisha hapo, fikiria ukurutu, ule unaoletwa na utitiri wanaochimba ngozi. Sugua ukingo wa sikio katikati ya vidole vyako. Mguu wa nyuma ukianza kupiga hewani wenyewe, huo si uthibitisho, ila ni sababu nzuri ya kumwona daktari mapema. Na kama watoto wanaocheza naye wameanza kutoka vipele vinavyowasha, mtajie daktari na hilo.

Anayetafuna nyayo huko nyumbani, hasa kwenye udongo mkavu wa vumbi, mwangalie funza kabla ya yote. Uvimbe mweupe, kitone cheusi katikati. Mnawajua vizuri kuliko mimi sasa hivi.

Wadudu wote wakitoka kwenye hesabu, ndipo tunaongelea aleji: ya vumbi, ya chavua, au ya chakula. Ya chakula inapimwa kwa sufuria. Unampa chakula ambacho hajawahi kula maisha yake yote, hichohicho tu, angalau wiki nane, bila mfupa wa jirani na bila ukoko wa ugali. Daktari akuongoze kuchagua. Vile vipimo vya mate na manyoya vinavyouzwa mtandaoni, weka hela yako mfukoni.

Sasa nyie mnaompaka mbwa oili chafu ya gari. Jamani! Mbwa anajilamba, kwa hiyo unamnywesha. Na dawa ya kuogeshea ng'ombe inayopimwa kwa kukisia kifuniko kimoja, viwili, inaweza kumuua. Zaidi ya hapo, kuna dawa za viroboto za mbwa zenye permethrini, na hizo ni sumu kali kwa paka, hata paka anayelala tu ubavuni mwa mbwa.

Tomi yeye daktari amempa dawa ya kunyunyizia, nami namwosha miguu kila tukirudi, namkausha mpaka katikati ya vidole. Majani marefu hakanyagi mpaka baridi iingie. Amenuna, lakini tutaelewana.

Aliye Morogoro, hospitali ya wanyama ya SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, iko hapohapo. Wa Nairobi mna madaktari wa wanyama wa Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kabete. Nenda na mbwa mwenyewe, si picha kwenye simu, na andika umempa dawa gani na lini. Halafu tafadhali usimwogeshe asubuhi ile ili apendeze mbele ya daktari. Utakuwa umemwaga kwenye beseni vidoa vyote ambavyo daktari alitaka kuviona.