Mwezi Wetu Hulala

Asanteni. Wale wa nyuma sogeeni mbele kidogo maana spika imeishia hapo katikati. Kamwene wote, shikamooni wakubwa.

Nimepewa mada ya kupiga mandhari na anga la usiku kwa vifaa vya kawaida, na vifaa nitavifikia, ila kuna jambo limenikaa rohoni na sitaweza kuongea lolote mpaka nilitoe. Wengine mmeshanisikia nalilalamikia mara tano, mara sita, leo ni ya saba. Acheni kubandika anga. Ukipiga mbuyu wa Ruaha Mbuyuni uache na anga la Ruaha Mbuyuni, hata kama usiku huo lilikuwa na nyota kumi na tano na wingu moja baya. Usipakue anga kwenye apu ukaliweka juu ya mbuyu wetu halafu chini ukaandika "Iringa, Tanzania". Hiyo sio Iringa.

Mnaonijua mnajua mimi silipwi kupiga picha, nina duka la vifaa vya ujenzi Ipogolo, Iringa mjini, misumari, bati, rangi, na kamera yangu niliinunua mtumba. Ila Jumamosi nikifunga duka mapema nashuka mlima Kitonga. Ile barabara mnaijua, unatoka huku juu na jaketi, unashuka zile kona taratibu nyuma ya malori yanayotoka Tunduma, ukifika chini Ruaha Mbuyuni jaketi unalitupa siti ya nyuma, joto limekupokea, harufu ya vitunguu kwenye magunia kando ya lami, na mibuyu imesimama kila upande mpaka milimani. Mimi sijaona mahali pengine pa kupiga usiku panaponipendeza kama pale.

Sasa mara ya kwanza tulienda watatu. Fikirieni, watu watatu wageni, saa tano usiku, chini ya mbuyu, wana tochi nyekundu. Mtu akipita atawaza nini? Atawaza wanga, na kama sio wanga basi wezi wa vitunguu. Kwa hiyo mchana wake tulienda kwa mwenyekiti wa kitongoji tukajieleza, tukaonyesha kamera, tukaacha namba za simu, na yeye akatupa mzee wa kukaa nasi usiku. Na hili liandikeni kabisa kwenye mambo ya vifaa: kabla ya tripodi, mwenyekiti.

Yule mzee alikuja na gunia lake, akalikunja, akakalia. Saa nzima hakusema kitu. Baadaye akauliza tu, "Mnapiga nini na giza hili?" Nikabonyeza, tukasubiri zile sekunde zikaisha, nikamgeuzia kioo cha kamera. Pale ulikuwepo mbuyu mweusi, na nyuma yake Njia Nyeupe, ule mkanda wa nyota za galaksi yetu, imepanda kutoka kusini-mashariki. Mzee akakiangalia kile kioo. Akainua kichwa akaangalia juu. Akarudi kwenye kioo, akaweka kidole karibu karibu bila kugusa, akainua tena kichwa. Alifanya hivyo kama mara nne. Halafu akasema, "Ee, ndiyo yenyewe."

Mnaelewa alichokuwa anafanya? Alikuwa analinganisha, kama mtu anavyohesabu chenji. Ameishi chini ya lile anga zaidi ya miaka sabini, hana apu, lakini alitaka kujua kama nimemletea anga lake au nimemletea kitu kingine. Mimi tangu siku ile nikibonyeza kamera namuona yule mzee anainua kichwa.

Nikaendelea na safari zangu. Mwaka uliofuata ofisi moja, siitaji, ikaniomba picha ya mbuyu kwa ajili ya kalenda. Nikawapa moja ya magharibi, jua limeshazama, anga la machungwa, mbuyu peke yake. Wakalipa, nikashukuru, nikasahau. Miezi ikapita. Siku niko kwa mama ntilie kulekule Ruaha Mbuyuni nasubiri ugali, naona kalenda ukutani, picha yangu, na jina langu chini. Na juu ya mbuyu wamebandika mwezi. Mwezi mchanga, mwembamba, umesimama wima kama mundu uliotundikwa kwenye msumari. Hawakuniuliza, hawakuniambia. Na nani yuko meza ya pembeni anakunywa chai? Mzee wangu. Tukasalimiana, akaniangalia, akaiangalia kalenda, akaniuliza kwa upole tu, "Mwanangu, huu mwezi umeegemea nini?"

Sikuwa na jibu. Ugali ulikuja nikashindwa kuumaliza.

Maana mzee ana haki, mwezi wetu hausimami. Mwezi wetu hulala. Ngoja nieleze hili polepole kwa sababu ndio kiini cha yote. Mwezi mchanga unang'aa upande unaotazama jua, sawa? Na sisi tuko karibu na ikweta, Iringa iko kama nyuzi 8 tu kusini. Huku kwetu jua likizama linatumbukia karibu wima, haliteremki kwa mshazari. Mwezi unabaki juu ya pale lilipozamia, kwa hiyo upande wenye mwanga ni wa chini, na pembe zake mbili zinaangalia juu. Umelala kama mtumbwi. Kuna miezi unainama kidogo kaskazini, kuna miezi unainama kidogo kusini, lakini kusimama wima hapana. Hata ule mwembamba wa alfajiri mashariki ni hivyohivyo, mtumbwi. Nenda London mwezi wa tisa, jua linazama kwa mshazari mrefu, na mwezi mchanga unasimama kwa ubavu. Ni mwezi uleule, aliyesimama mahali pengine ni mtazamaji. Kwa hiyo ukibandika mwezi wa kusimama juu ya mbuyu wa Ruaha Mbuyuni, umeuhamisha mbuyu ukaupeleka Uingereza, na mbuyu Uingereza hauoti.

Kuna mtu hapo mbele kila nikisema hivi ananiambia mbona kwenye bendera mwezi umesimama. Bendera ni alama, ndugu yangu. Alama mtu anachora anavyotaka, hakuna aliyesema ile ni picha ya Jumanne fulani. Waulize watu wa pwani wanaokwenda ufukweni kuutafuta mwezi mwandamo kabla ya Ramadhani, waambie wakuchoree walichokiona kwa macho yao.

Mwingine atasema, basi nitabandika mwezi mpevu, ule ni duara, hausimami wala haulali. Unalala! Zile picha za kupakua nyingi zimepigwa kaskazini, na ile krateri ya Tycho, lile doa jeupe lenye miale, inakaa chini. Huku mwezi mpevu ukichomoza mashariki, Tycho iko upande wako wa kulia, kusini. Ukienda kuzama magharibi, Tycho iko kushoto. Na ukubwa wake sasa! Mtu anaweka mwezi mkubwa kuliko mbuyu, na mbuyu wenyewe ameupiga akiwa hatua thelathini. Mwezi angani una upana wa nusu nyuzi tu, ukinyoosha mkono kidole chako kidogo kinaufunika. Ukitaka mwezi uonekane na urefu sawa na mbuyu wa mita 20, lazima usimame mbali na mbuyu huo zaidi ya kilomita 2, kama 2.3 hivi, na lenzi ndefu. Inawezekana, mimi nimefanya, nilivuka shamba la vitunguu la watu kwa ruhusa yao, nikapanda kilima, nikasubiri, mara mbili nikakosa kwa sababu ya wingu, mara ya tatu nikapata. Mwezi ukachomoza nyuma ya matawi, matawi yakaonekana moja moja kama mishipa ya mkono. Nilikaa chini kabisa. Ile hisia huwezi kuibandika.

Nimekula muda, naona. Niseme na ile mistari ya nyota, zile picha nyota zinachora duara. Mtu anaweka duara ambalo kitovu chake kiko juu sana angani. Kitovu hicho ni ncha ya anga, na urefu wake kutoka upeo ni sawa na latitudo yako. Iringa ncha ya kusini iko nyuzi 8 juu ya upeo, karibu inagusa milima. Ya kaskazini ndiyo kabisa, iko chini ya upeo, ile Nyota ya Kaskazini hatuioni. Kwa hiyo ukigeukia kusini unapata nusu duara inayotoka nyuma ya kilima, na ukigeukia mashariki nyota zinapanda karibu wima kama mvua inayorudi juu. Ni nzuri mno, na watu wa Ulaya hawaipati nyumbani kwao. Kwa nini tuifute tuweke ya kwao?

Na hili la kufuta. Mwaka jana mwezi wa kumi kijana mmoja alinitumia picha aliyopiga karibu na hifadhi ya Kitulo, saa tisa usiku, baridi ile mnaijua, akaniomba nimsaidie kuondoa "madoa mawili" upande wa kusini, ameshafuta lenzi hayatoki. Nikafungua. Yalikuwa Mawingu ya Magellan! Galaksi mbili jamani, ile kubwa iko kama miaka ya nuru 160,000 kutoka hapa, na mtu wa London akikaa barazani kwake maisha yake yote hataziona. Nikampigia simu palepale nikamwambia usifute, usifute kitu. Kumbe kwenye picha zote alizojifunzia, za kaskazini, hayo hayapo, basi akadhani ni uchafu. Mnaona ninachokiogopa? Tukizoea anga za watu, la kwetu tukiliona tunaliona kama kosa. Na sasa hizi picha za akili mnemba zimekuja, ukiiambia ichore Kilimanjaro usiku inakuletea anga la popote, na watoto wetu ndizo wanazozishea.

Najua mtaniambia picha ni sanaa, kila mtu ana uhuru. Ni kweli, uwe huru, basi andika "nimeunganisha". Neno moja. Ninachokataa ni kuandika jina la mahali na tarehe juu ya kitu ambacho mahali pale hakijawahi kutokea. Mtaniambia na wewe mbona unaunganisha. Ndiyo, naunganisha, napiga ardhi wakati wa magharibi kukiwa bado na mwanga, tripodi haitikisiki, napiga anga baadaye, nazipanga pamoja. Napiga picha kumi za anga lilelile ili chenga zipungue. Mahali ni pale, usiku ni ule, mzee akija na kuinua kichwa atakuta ndiyo yenyewe. Kipimo changu ndicho hicho, sina kingine.

Haya, vifaa, nimebakiza dakika chache kwa hiyo shikeni kalamu. Lenzi iliyokuja na kamera yako inatosha, ile ya milimita 18, fungua tundu la mwanga mpaka mwisho, f/3.5, na ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, iweke 3200. Muda wa kila picha: gawanya 500 kwa urefu wa lenzi, na kwa kamera yenye sensa ndogo zidisha kwanza urefu kwa 1.5, kwa hiyo 18 inakuwa 27, unapata sekunde kama 18. Ukizidisha hapo nyota zinakuwa vijistari. Fokasi kwa mkono, ikuze nyota kali kwenye kioo, zungusha mpaka iwe nukta. Piga RAW, yaani faili ghafi la kamera. Weka taimu ya sekunde 2 ili usiitikise kwa kidole. Tochi iwe nyekundu, na malori yakipita barabarani usikasirike, taa zao zikipiga mbuyu kwa mbali zinaweza kukupa rangi nzuri kuliko tochi yako. Kuna mambo ya droni na vibali nilitaka kuyasema, muda hautoshi, nifuateni pale nje. Kuhusu panorama pia.

La mwisho ni Jumamosi hii. Mvua zimeisha, tumeshaongea na mwenyekiti. Mwezi ni mchanga, utazama kama saa tatu usiku, kwa hiyo magharibi tutaupiga kwanza ukiwa umelala, kila mtu auone kwa macho yake. Kiini cha Njia Nyeupe kinaanza kuchomoza kama saa mbili na nusu, mpaka saa tano kitakuwa kimeshapanda vizuri. Gari linaondoka Ipogolo pale dukani kwangu saa nane mchana. Maji ya kunywa beba mengi, betri ya pili kama unayo, viatu vya kufunika vidole kwa sababu ya miiba. Mzee nimempigia jana, atakuja na gunia lake.