Nani wa Kuizuia Meli ya Serikali Gatini?

Mhadhara uliotolewa Mwanza kwa wanafunzi wa sheria na wa usafirishaji

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi, na ninyi mabaharia wastaafu ambao nimefurahi kuwaona safu ya mbele, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie usimamizi wa Serikali katika usalama wa usafiri wa umma. Mada hiyo ni pana kama ziwa lililo hapo nyuma yetu, na ningeweza kumaliza saa nzima nikitaja sheria, kanuni na mamlaka bila kumgusa abiria hata mmoja. Nimeona niipunguze, nibaki na swali ambalo limenisumbua kwa muda mrefu: chombo cha usafiri kinapokuwa mali ya Serikali, na anayekagua usalama wake naye akawa mwajiriwa wa Serikali hiyo hiyo, ni nani mwenye ubavu wa kukiambia kisiondoke?

Tuanze hapa hapa nyumbani. Asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipinduka ikikaribia Mwanza, baada ya kutoka Bukoba na kupitia Kemondo. Wengi wenu mlikuwa hamjazaliwa, lakini ni shida kumpata mtu wa kanda hii ambaye ukoo wake au mtaa wake haukupoteza mtu siku ile, na makaburi ya Igoma mnayafahamu. Kuhusu majonzi sitasema zaidi, kwa sababu yamekwisha kusemwa na waliofiwa, ambao wana haki ya kuyasema kuliko mimi. Ninachotaka mkitazame ni karatasi.

Meli ile ilikuwa na uwezo wa kuchukua abiria 430. Orodha ya abiria wa daraja la kwanza na la pili, orodha iliyoandikwa na wenye meli wenyewe, ilikuwa na watu 443. Maana yake ni kwamba kabla hujamhesabu hata mtu mmoja wa daraja la tatu, meli ilikuwa imekwisha kupita kiwango chake. Na daraja la tatu, ambako ndiko wanakosafiri walio wengi, halikuwa na orodha kabisa. Ndiyo sababu hadi leo ukiuliza waliokufa walikuwa wangapi, utapewa idadi zinazoanzia karibu mia tisa na kufika elfu moja, na hakuna anayeweza kukuapia.

Wanafunzi wa sheria wanapenda kuniuliza kuhusu ushahidi, kwa hiyo niwaambie kwamba hapa hapakuhitajika mpelelezi. Kosa halikufichwa mahali popote. Lilikuwa limeandikwa kwa kalamu ndani ya nyaraka za safari. Kilichokosekana ni mtu wa kuisoma orodha ile akiwa amesimama gatini, kisha amwambie nahodha kwamba kamba hazifunguliwi mpaka watu washuke. Meli ilikuwa ya Shirika la Reli Tanzania, ambalo lilikuwa shirika la umma. Mkaguzi ambaye angeizuia asingekuwa anagombana na tajiri fulani wa mjini. Angekuwa anagombana na Serikali, yaani na mwajiri wake.

Sasa tusogee mbele miaka ishirini na miwili, hadi Alhamisi ya tarehe 20 Septemba 2018. Kivuko cha MV Nyerere kilikuwa kinatoka Bugolora kwenda Ukara, huko Ukerewe. Siku hiyo ilikuwa ya gulio, na anayelijua gulio anajua maana yake: watu wanarudi na mahindi, na saruji, na kreti za soda, na watoto wa shule wamo, na kila mmoja anataka kufika nyumbani kabla ya jioni. Uwezo wa kivuko ulikuwa abiria 101. Kilipinduka kikiwa karibu kabisa na gati la Ukara, mahali ambapo waliokuwa wamekuja kuwapokea ndugu zao waliweza kukiona kikilala. Waliookolewa walikuwa 41. Waliokufa walizidi 220.

Katika habari zote za msiba ule kuna moja ambayo haikuzungumzwa sana, na mimi ndiyo iliyonifanya nikubali mwaliko wa leo. Mamlaka zilipoulizwa mle ndani walikuwamo watu wangapi, hazikuweza kujibu, kwa kuwa mkatisha tiketi alikuwa miongoni mwa waliokufa, na mashine iliyotunza idadi ya tiketi ilipotea majini. Yaani hesabu ya abiria ilikuwa inasafiri pamoja na abiria. Chombo kilipozama, hesabu nayo ikazama. Waokoaji walikuwa wanatafuta watu bila kujua wakifikisha wangapi ndipo waseme kazi imekwisha.

Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, ule unaojulikana kama SOLAS, unazitaka meli za abiria za safari za kimataifa ziwahesabu walio ndani kabla ya kung'oa nanga na kuiacha hesabu hiyo nchi kavu. Utaratibu huo hauhitaji mtambo wa fedha nyingi. Daftari mbili na karani wa pili anayebaki gatini vinatosha.

Nitasimulia jambo dogo nililoliona mwenyewe, katika kivuko ambacho sitakitaja jina wala mahali. Nilikuwa kwenye foleni. Karani alikuwa akikata tiketi vizuri tu, mpaka ghafla akaacha kukata, akawa anapokea fedha na kuwapungia watu mkono wapite. Nilipofika mbele yake nikamwuliza mbona hanikatii. Akanijibu kwa heshima zote: "Mzee, kitabu kimejaa, chombo bado." Nilicheka, nikapita, na nimejilaumu kwa kicheko kile tangu siku hiyo. Hebu litafakarini jibu lake. Kitabu cha tiketi kilikuwa kimepangwa kisizidi uwezo ulioandikwa kwenye cheti, kwa hiyo mkaguzi ambaye angekuja kesho yake kupitia vishina vya tiketi angekuta kila kitu kiko sawa, tena sawa kabisa. Ukaguzi wa makaratasi ungempongeza karani yule. Anayezidisha abiria hana haja ya kughushi nyaraka. Akiacha tu kuandika, inatosha.

Kwa sababu hiyo, mtu anaponiambia kwamba vyombo vyetu vinakaguliwa kila mwaka, huwa namjibu kwamba nafurahi kusikia, na kwamba nina swali jingine. Ukaguzi wa mwaka unatazama mabati, injini, maboya na majaketi okozi. Hayo ni ya lazima. Lakini cheti kinatolewa chombo kikiwa kimetulia na kitupu, na msiba unatokea chombo kikiwa safarini na kimejaa, siku ya gulio, saa nane mchana, wakati mkaguzi yuko ofisini kwake mjini.

Msidhani kwamba Serikali zetu hazijui kuwa kali. Waulizeni wenye mabasi. Leo basi la mikoani linafungwa kifaa cha kufuatilia mwendo, likipita kilomita 80 kwa saa kinapiga kelele ndani ya basi na taarifa inafika kwa mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, LATRA, na mwenye basi anaweza kujikuta amesimamishiwa leseni. Jirani zetu wa Kenya, Waziri John Michuki alipozileta kanuni zake, zilizoanza kutumika Februari 2004, matatu zilitakiwa kuwa na mikanda, vidhibiti mwendo na ule mstari wa njano ubavuni, na ambazo hazikuwa tayari hazikuingia barabarani. Wananchi walitembea kwa miguu kwenda kazini, na waziri hakurudi nyuma. Ukali ule ulikuwa wa kweli, ijapokuwa baadaye ulipungua. Ila matatu ni za watu binafsi. Miaka kumi kabla ya hapo, tarehe 29 Aprili 1994, kivuko cha Mtongwe kule Mombasa kilizama kikiwa na watu kupita uwezo wake na kuua 272, na kile kilikuwa cha shirika la umma.

Mnaona ninakoelekea. Mkono ule ule unaoweza kulisimamisha basi la mtu unakuwa mzito unapofika kwenye mali ya Serikali. Sisemi kwamba wakaguzi ni waoga. Nimefahamiana na baadhi yao na ni watu makini. Nasema mpangilio wenyewe unawafunga. Mwaka 2018 kivuko kilikuwa cha TEMESA, wakala wa Serikali, na mdhibiti alikuwa SUMATRA. Wote wawili walikuwa chini ya wizara moja, Wizara ya Ujenzi, Uchukuzi na Mawasiliano, katika sekta mbili za wizara hiyo. Baada ya ajali Rais Magufuli alizivunja bodi zote mbili, ya mwenye chombo na ya msimamizi, na nadhani uamuzi ule ulieleza mambo yalivyokuwa kuliko hotuba yoyote: ilionekana hakuna aliyemsimamia mwenzake.

Tangu hapo sheria zimebadilika. SUMATRA haipo tena. Usafiri wa majini uko kwa TASAC na wa nchi kavu uko kwa LATRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019. Mgawanyo huo ni mzuri, kwa kuwa anayejua meli si lazima ajue breki za treni. Lakini LATRA iko chini ya Wizara ya Uchukuzi, na Shirika la Reli liko chini ya Wizara ya Uchukuzi. Hili si la kupuuza katika nchi ambayo mwaka 2002, tarehe 24 Juni, treni ya abiria ilirudi nyuma kwenye mlima huko Igandu, Dodoma, ikagonga treni ya mizigo na kuua watu 281. Leo tuna treni ya umeme kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma inayokimbia hadi kilomita 160 kwa saa, tuna mabasi ya mwendokasi, na hapo Mwanza Kusini imejengwa MV Mwanza yenye uwezo wa abiria 1,200. Serikali imekuwa msafirishaji mkubwa kuliko ilivyowahi kuwa maishani mwenu, na mimi ninaipongeza. Ndiyo maana swali la nani anaisimamia limekuwa zito zaidi.

Ninyi wa sheria mtaniuliza kama inawezekana kweli Serikali ikaizuia Serikali. Inawezekana, na mfano upo. Mwaka 2009 treni mbili za abiria za mji wa Washington, Marekani, ziligongana na watu tisa wakafa. Kamati iliyokuwa ikisimamia usalama wa reli ile ilikuwa na wajumbe wa majimbo na wa jiji, iliandika barua na mapendekezo, lakini haikuwa na uwezo wa kuamuru lolote. Mwaka 2012 Bunge la Marekani lilipitisha sheria inayotaka msimamizi wa usalama asipokee fedha zake kutoka kwa shirika analolisimamia, na mwaka 2019 tume mpya ya usalama wa reli ya Washington ikaanza kazi. Oktoba 2021 treni moja ikatoka relini kwa sababu ya hitilafu ya magurudumu. Tume ikaamuru mabehewa yote ya aina ile, 748, karibu asilimia 60 ya mabehewa ya shirika zima, yaondolewe njiani. Yakaondolewa. Abiria walisubiri treni kwa muda mrefu, wakalalamika, na mabehewa yakabaki yameegeshwa.

Najua pingamizi linalokuja, na mzee mmoja hapo mbele ameshatikisa kichwa. Washington ukikosa treni unapanda basi. Ukara ukikosa kivuko mgonjwa anakaa kisiwani. Pingamizi hilo ni la haki. Msimamizi anayezuia chombo bila kuwa na uwezo wa kudai safari ya pili anamsukuma abiria kwenye mtumbwi, ambako hakuna jaketi wala hesabu. Kwa hiyo amri ya kuzuia inapaswa kumlazimisha mwenye chombo aongeze safari, kwa gharama yake, siku hiyo hiyo. Gulio la Bugolora halikuwa siri. Wote walijua siku ambayo watu 101 wasingetosha, na baada ya msiba kivuko kikubwa zaidi, MV Ukara II, kilipatikana.

Basi niseme ningetaka kuona nini. MV Mwanza itakapokuwa inapakia jioni, pembeni ya ngazi asimame karani mwenye kile kidude cha kubonyeza cha kuhesabia watu, ambaye mshahara wake hautoki kwa wenye meli wala bosi wake hakai wizara moja na wao. Awahesabu wote, pamoja na mtoto mgongoni kwa mama yake. Akifika 1,200 ashushe mnyororo. Idadi aiandike kwenye ubao mkubwa uliotundikwa gatini, mahali ambapo wasindikizaji wanaweza kuusoma, na ubao ubaki pale mpaka meli ifike Bukoba.

Nawashukuru kwa kunisikiliza. Nipo tayari kwa maswali, na Mwenyekiti akiniruhusu ningependa tuanze na wale waliowahi kufanya kazi gatini.