Leo Taslimu, Ukomunisti Kesho

ZUHURA: Kabla hujafungua makaratasi yako, Mbwana, waambie watu yaliyokukuta dukani Jumanne.

MBWANA: Tuanze na mada bwana.

ZUHURA: Tunaanza na duka.

MBWANA: Haya. Nimeenda kwa Mangi, nataka mchele kilo moja na mafuta ya kupima. Nikamwambia aandike, nitalipa mwisho wa mwezi. Hakujibu. Akanyoosha kidole juu ya friji, pana kibao: "Leo taslimu, kesho mkopo." Nikarudi kesho yake.

ZUHURA: (anacheka) Ukarudi kweli!

MBWANA: Akanyooshea kibao kilekile.

ZUHURA: Sasa mada yetu ndiyo hiyo. Moscow, Oktoba 1961, mkutano mkuu wa 22 wa Chama cha Kikomunisti cha Umoja wa Kisovieti. Khrushchev, kiongozi wa chama na nchi, anapitisha programu mpya: kizazi cha sasa cha Wasovieti kitaishi katika ukomunisti. Msingi wake uwe tayari 1980. Nyumba bila kodi, basi bila nauli, chakula cha mchana kazini bure.

MBWANA: Ona, Mangi haweki tarehe. Khrushchev aliweka. Hapo namheshimu.

ZUHURA: Kwa lipi? Juni 1962, mwaka haujatimia, nyama ikapanda bei hadi asilimia 30, siagi 25. Wafanyakazi wa mji wa Novocherkassk, kusini mwa Urusi, wakagoma, wakapigwa risasi.

MBWANA: Hilo silitetei. Lakini mamilioni walitoka kwenye nyumba za kuchangia jiko na choo, wakapewa fleti zao. Ndogo, ghorofa tano bila lifti, lakini zao. Ukishashika funguo, na yaliyobaki unayaamini.

ZUHURA: Ndiyo pipi ya chenji hiyo. Mangi akikosa sarafu anakupa pipi, unaondoka umeridhika.

MBWANA: Fleti si pipi, Zuhura!

ZUHURA: Khrushchev alizaliwa 1894. Hiyo 1980 angekuwa na miaka 86. Alikopa kwa jina la watu wengine.

MBWANA: Mwongo hatangazi siku ya kuumbuka. Yule aliamini.

ZUHURA: Imani yake imsaidie nini aliyekaa foleni?

MBWANA: Hapo hatuelewani.

ZUHURA: Hatuelewani kabisa. Yeye akaondolewa 1964. Ilipofika 1980, Moscow ikapata Olimpiki. Warusi wakataniana: tuliahidiwa ukomunisti, tumeletewa michezo.

MBWANA: Na ule utani wa upeo wa macho? Jamaa anasikia ukomunisti umeshaonekana kwenye upeo. Anafungua kamusi: upeo, mstari wa kufikirika, ukiusogelea nao unasogea.

ZUHURA: Juu ya friji!

MBWANA: Juu ya friji. Programu ya 1986 ndiyo ikaandikwa bila tarehe. Chama kikawa Mangi.

ZUHURA: Fundi ananionyesha vidole viwili, dakika zimekwisha. Yale mafunzo yako matatu?

MBWANA: Nimeyapanga vizuri, la kwanza...

ZUHURA: Hatuna muda. Na elfu tatu yangu ya mchele je?

MBWANA: Fundi, zima.