Simu ya Kwanza Unampigia Nani?

Wazee wangu, akina mama, na nyinyi vijana mliokuja na madaftari, hamjambo. Mwenyekiti ameniomba nisimulie miaka yangu 26 ya kuchunguza virusi vya nguruwe. Nitasimulia, ila kwa kupitia swali moja ambalo baadhi yenu mmenisikia nikiliuliza Bungoma, nikaliuliza Siaya, nikaliuliza hata matangani: nguruwe wako akikataa chakula asubuhi, simu ya kwanza unampigia nani?

Sitawaeleza homa ya nguruwe ya Afrika ni nini, ugonjwa wa kirusi unaomaliza boma zima. Hapa Kisumu na huko Magharibi mmeshazika nguruwe wa kutosha. Niseme tu kwamba ugonjwa huu dunia iliujulia hapa kwetu Kenya. Mwaka 1921 daktari mmoja wa mifugo, Montgomery, ndiye aliyeuandika kwa mara ya kwanza, baada ya kuona nguruwe wa walowezi wakifa karibu wote. Miaka mia moja na zaidi imepita, na sisi bado tunamwita dalali kabla ya daktari.

Acheni niwape kisa. Ninajua wengine mmekisikia, vumilieni.

Nilikuwa mgeni maabara. Tukapata habari kwamba nguruwe wanakufa katika kijiji fulani Busia, karibu na mpaka. Tulifika saa nne. Mama mwenye boma alikuwa ameketi kwenye kigoda, na mbele yake nguruwe jike amelala ubavu chini ya mwembe, kamba ingali mguuni. Masikio na ngozi ya tumbo vilikuwa vimegeuka zambarau. Sufuria la machicha ya busaa lilikuwa pale pale mbele ya pua yake, halijaguswa, nzi wamejaa. Nilipiga magoti, nikatafuta mshipa wa shingoni, nikavuta damu, nikaiweka kwenye kikasha cha barafu. Kisha nikauliza, "Mama, walikuwa wangapi?" Akasema watano. "Wengine wako wapi?" Akanyamaza. Jirani ndiye aliyejibu: wawili walikufa, wawili waliondoka juzi na dalali, wamefungwa juu ya bodaboda.

Tukawafuata wale wawili. Mmoja alichinjwa nyuma ya kibanda sokoni, na maji ya kuoshea utumbo yakamwagwa kwenye mtaro ambao nguruwe wa watu wengine huja kunywa. Wa pili alinunuliwa akiwa hai na kijana aliyeona bei imeshuka. Akamfunga kando ya dume wake, na dume huyo ndiye aliyekuwa akiazimwa kijiji kizima. Katikati ya hayo yote alipita jamaa wa kudunga sindano, boma baada ya boma, dawa ile ile ya antibiotiki isiyoweza kuua kirusi, na sindano ile ile bila kuichemsha. Tulihesabu maboma yaliyopata ugonjwa mpaka tukaacha kuhesabu.

Wiki mbili baadaye nilirudi na karatasi ya majibu. PCR, kipimo cha maabara kinachotafuta DNA ya kirusi, ilikuwa imekipata, na kwa kusoma kipande cha DNA hiyo tulijua ni cha jenotaipu ya 9, yaani ukoo wa 9 wa kirusi hiki, ule ule unaopatikana upande wa Uganda. Nilijiona nimefanya kazi. Jike alikuwa keshakufa. Nikamuuliza mama, tena kwa ukali, kwa nini aliuza wagonjwa. Akanitazama akasema, "Daktari, dalali alinilipa karo ya muhula. Wewe umeniletea karatasi."

Sijapata jibu lake mpaka leo, na ninyi mnaoshika bajeti za kaunti hamjalipata pia. Ndiyo maana sichoki kurudia kisa hiki.

Sasa sikilizeni kwa nini uuzaji ule ni hatari kuliko kitu kingine chochote. Ukiweka kirusi hiki pamoja na seli nyeupe za nguruwe katika kisahani cha maabara, ukachungulia kwa hadubini, utaona seli nyekundu za damu zimejibandika kuizunguka ile seli iliyoambukizwa, kama vifaranga waliomzunguka mama yao. Picha hiyo nimeiangalia mara nyingi mno. Kirusi kinazaana ndani ya seli ambazo kazi yake ni kumlinda mnyama, na kinaijaza damu. Ukipasua, wengu uliotakiwa kuwa mwembamba kama ulimi umevimba, mweusi, unakatika vidoleni. Kwa hiyo kila tone linalomwagika machinjioni ni mbegu. Na kirusi hakifi kwa sababu nguruwe amekufa: katika nyama mbichi kipo, katika nyama ya friji kinakaa miezi. Tena tangu kuambukizwa mpaka dalili ni siku 4 hadi 19. Huyu unayemkimbiza sokoni kwa sababu bado anakula, huenda anacho tayari. Hapa hapa mpakani mwetu na Uganda, watafiti wamekipata katika viungo vya nguruwe walioonekana wazima kabisa.

Najua kuna anayetaka kuniambia habari za ngiri. Ni kweli, ngiri hukibeba bila kuugua, na papasi wa kwenye mashimo yao hukihamisha. Lakini, ndugu yangu, huko Butula na Teso, kaunti ya Busia, umemwona ngiri lini? Huko kinazunguka kati ya nguruwe na nguruwe, na anayekizungusha ni sisi. Mwaka 2007 kilitokea nchi ya Georgia, na kutoka huko kikasambaa Urusi na Ulaya Mashariki. Mwaka 2018 kikaingia China. Kirusi kilichoondoka Afrika hakikuvushwa bahari na ngiri.

Mwingine atasema tatizo ni nguruwe wanaorandaranda. Sikatai. Huko huko Busia watafiti waliwafunga nguruwe vifaa vya GPS shingoni, wakakuta wanatembea zaidi ya kilomita 4 kwa saa 12, na karibu nusu ya muda huo wako nje ya boma. Wajengeeni mabanda, nimesema miaka yote. Lakini nguruwe huyo jioni anarudi nyumbani. Nguruwe aliye juu ya bodaboda anaenda kilomita 40 na harudi.

"Daktari, chanjo iko wapi?" Swali hilo linaulizwa kila mahali, na huwa linanikera, kwa sababu anayeuliza anatafuta ruhusa ya kutofanya lolote mpaka ije. Kirusi hiki kina jeni zaidi ya 150. Chanjo za kirusi kilichouawa hazijawahi kufanya kazi. Ureno walijaribu ya kirusi hai kilichopunguzwa makali, miaka ya 1960, nguruwe wengi wakabaki na ugonjwa sugu. Vietnam wameanza kutumia chanjo tangu 2022, nami nawapongeza, lakini imetengenezwa kwa jenotaipu ya 2. Ya kwetu ni 9 na 10. Msinunue kichupa kinachouzwa kwa siri mpakani. Tafadhalini.

Basi turudi kwa yule mama. Fidia. Kila nikilitaja neno hili kwenye mkutano kuna ofisa anafunga daftari. Anasema pesa hakuna. Uhispania waliishi na ugonjwa huu tangu 1960 mpaka 1995. Mwaka 1985 walianza mpango: timu za madaktari zinazozunguka mashambani, damu ikapimwa, mabanda yakaboreshwa, na mfugaji aliyeuliwa nguruwe wake akalipwa. Miaka kumi wakaumaliza. "Hao ni matajiri." Sawa. Mimi siombi bei ya Uhispania. Naomba mama mwenye nguruwe watano alipwe kiasi kitakachomfanya asimpigie dalali, tena alipwe wiki ile ile, si baada ya kujaza fomu na kusubiri mwaka mzima. Sheria inamtaka aripoti. Ameripoti, mmetangaza karantini, mmefunga soko la jirani zake, na mikononi mwake hamna kitu. Mwakani nguruwe akikataa chakula atawaambia?

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na picha za parvo, kirusi kingine cha nguruwe, na za ule ugonjwa wa nguruwe kutoa mimba na kukosa pumzi. Vijana, nitafuteni nje. Haraka haraka basi: mabaki ya hotelini yachemsheni nusu saa nzima, yachemke kweli, si kupasha moto tu. Dume asiazimwe. Anayekuja kudunga aje na sindano mpya, na avue viatu vyake mlangoni avae vyako. Binadamu haambukizwi ugonjwa huu, ila msifanye hilo kisingizio cha kuuza mzoga. Mzoga uzikwe, shimo refu, chokaa juu.

Maofisa wa wadi, kwenye meza ile ya mlangoni kuna chupa za damu zenye kifuniko cha zambarau, na vikasha vya barafu. Kila mmoja achukue chupa kumi. Na nyinyi wafugaji, kabla ofisa wa wadi yenu hajatoka, mwombeni namba yake, mpigieni hapa hapa, tuone kama simu inaita.