Jani Peke Yake Halilindi Kipandikizi cha Jino

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, madaktari wenzangu, wanafunzi na wananchi wa Mwanza mliofika jioni hii.

Kipandikizi cha jino, yaani skrubu ya metali ya titani inayopandikizwa kwenye mfupa wa taya ili kushikilia jino la bandia, mnakifahamu, kwa hiyo sitapoteza muda kukieleza zaidi. Nitakwenda moja kwa moja kwenye jambo ambalo nimelisema mara nyingi na ambalo bado halijatiliwa maanani: chembe nano, yaani chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, zinazotengenezwa kwa mimea ili kukinga kipandikizi dhidi ya bakteria, haziwi salama kwa sababu tu zimepitia kwenye jani.

Mtu akisikia kwamba mwarobaini, au magugu maji yanayoziba mialo yetu, hutumika kutengeneza chembe zinazoua bakteria, huamini upesi kwamba muuaji ni jani. Tazameni kinachofanyika maabara. Majani huoshwa, hukaushwa na kuchemshwa, maji yake yakachujwa, kisha yakachanganywa na myeyusho wa nitrati ya fedha, chumvi ya metali ya fedha. Viambato vya mmea viitwavyo polifenoli na flavonoidi huzipa elektroni ayoni za fedha, yaani atomi zilizopungukiwa elektroni, na ayoni hizo hugeuka kuwa chembe za metali, ambazo tunazitaka ziwe kati ya nanomita 1 na 100. Mchanganyiko uliokuwa wa manjano hafifu huwa kahawia mbele ya macho yenu. Viambato vya mmea huizunguka kila chembe na kuzizuia zisigandamane. Hiyo ni kazi kubwa, kwa maana inatuepusha na kemikali kali ambazo zingehitajika badala yake. Hata hivyo, kinachoharibu ukuta wa bakteria na kuvuruga protini zake ni, kwa sehemu kubwa, ayoni za fedha zinazotoka kwenye chembe hizo, na fedha hiyo hiyo ikizidi kiwango huua seli zinazojenga mfupa, ambazo bila hizo titani haishiki kwenye taya.

Najua mtaniambia kwamba wazee wetu walisafisha meno kwa mti wa mswaki na hawakudhurika. Ni kweli, na mti huo una viambato vinavyopunguza bakteria kinywani. Lakini mswaki hugusa meno kwa dakika chache, kisha mtu husukutua na kutema, ilhali kipandikizi hukaa ndani ya mfupa kwa miaka mingi na mgonjwa hawezi kukitema. Tena, magugu maji hufyonza metali nzito kutoka majini, na sisi tunaishi katika kanda ambayo wachimbaji wadogo wa dhahabu hutumia zebaki. Anayeyavuna ufukweni na kuyapeleka maabara bila kuyapima ataniwia radhi: huyo simwiti mtafiti. Hata mwarobaini wa kiangazi haulingani na wa masika kwa wingi wa viambato, na viambato vikibadilika, ukubwa wa chembe hubadilika pia, na nguvu yake vilevile.

Kwa nini basi nasisitiza tuendelee na kazi hii? Kwa sababu kinga ina wakati wake. Mwaka 1987 Anthony Gristina wa Marekani alieleza kwamba seli za mwili na bakteria hushindana kuuwahi uso wa kipandikizi. Bakteria wakitangulia, hujijengea utando wa kunata unaowafunika, na ndani ya utando huo huhimili viuavijasumu kwa viwango ambavyo vingewaua kama wangekuwa wanaelea peke yao. Ufizi huvimba, mfupa huliwa, na mara nyingine kipandikizi hulazimika kutolewa. Ndiyo maana chembe zinapaswa kupakwa juu ya titani kabla haijaingia kinywani, nazo ziachie fedha kidogo kidogo.

Wapo wanaosema haya ni mambo ya wenye fedha. Nendeni wodi za mifupa mkawaone vijana wa bodaboda waliowekewa vyuma miguuni. Utando ni ule ule, na tutakachojifunza kwenye taya kitawafaa hata wao.

Muda unaniishia, kwa hiyo suala la gharama nitaliacha, na la kibali cha TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba Tanzania, nitaligusa tu: liulizeni mwanzoni mwa utafiti, msingoje mwisho. Nanyi wanafunzi wa kemia na wa udaktari wa meno, mkileta andiko linaloonyesha bakteria waliokufa, nitawauliza seli za mfupa zilizowekewa chembe za mchanganyiko ule ule ziliathirikaje. Msipokuwa na jibu, nitalirudisha andiko.