Kabla ya Kulaumu Baridi ya Julai, Shika Mpira wa Rejeta

Wale wa nyuma sogeeni mbele, tafadhali. Sitapaza sauti, kifua changu na Julai ya Nairobi hatupatani. Sikuja kuwafundisha dizeli ni nini. Nimekuja na swali langu la kila mwaka, kwa wanaolaumu baridi lori likikataa kuwaka: nani hapa ameng'oa thamostati, ile vali ya maji ya kupoza injini, kwenye lori lake?

Mnacheka. Kucheka si jibu.

Kuna lori lililoletwa gereji yetu hapa Industrial Area likivutwa kwa mnyororo. Dereva akaniambia, "Mzee, ni baridi ya Kinungi." Amelala huko, saa kumi na moja alfajiri akapiga stata, injini ikashika lakini inamisi, inatetemeka kama mtu mwenye malaria, moshi mweupe ukafunika kibanda cha chai mpaka mama mwenye kibanda akamfukuza. Halafu ikazima, ikakataa kabisa. Mwenye lori alikuwa tayari amebadilisha nozo zote sita za kunyunyizia dizeli, ametengeneza pampu, amenunua betri mbili. Pesa ya karo hiyo.

Mimi sikufungua chochote. Tulihangaika nalo mpaka likawaka, tukaenda nalo Mombasa Road na kurudi, nikashika mpira wa juu wa rejeta, ule unaopeleka maji ya moto ya injini yakapoe. Niliushika kama mkono wa mgeni, tukasalimiana, tukaulizana habari za nyumbani, wala sikuachia. Injini iliyopata joto lake haikuruhusu hivyo, inakuchoma. Nikafungua kifuniko cha oili. Chini yake kuna malai, rangi ya chai ya maziwa. Fundi kijana akaruka: "Gasketi imeungua, maji yanaingia kwenye oili, tufungue hedi!" Tulia, mwanangu. Maji ya rejeta hayajapungua hata kidogo. Malai hayo ni mvuke uliogeuka maji ukachanganyika na oili, kwa sababu injini haijawahi kupata joto la kuufukuza. Tukafungua boliti mbili za nyumba ya thamostati. Ndani, tupu.

Ndipo dereva akakumbuka. Miezi minane nyuma lilichemka karibu na Salgaa, fundi wa kando ya barabara akaing'oa, akaitupa kwenye nyasi. Kumbe rejeta ilikuwa imeziba vumbi na makapi. Mgonjwa ni rejeta, aliyekatwa mguu ni thamostati!

Najua mtakachosema. "Mzee, alfajiri injini yote ni baridi, iwe na thamostati au isiwe nayo." Kweli. Kwa ile stata ya kwanza haikusaidii lolote. Lakini fikirini miezi minane iliyotangulia. Thamostati ya lori nyingi hufunguka kama nyuzi joto 82. Kabla ya hapo inazuia maji yasiende rejeta, injini ipate joto haraka. Ukiing'oa, unateremka Limuru injini ikiwa vuguvugu. Dizeli haiungui yote, inaosha oili kwenye kuta za silinda, kaboni inagandisha ringi za pistoni, kompresheni, yaani mbano wa hewa, inashuka. Na dizeli haina plagi ya cheche. Rudolf Diesel alipofaulu kuendesha injini yake kule Augsburg mwaka 1897, alitegemea joto la hewa iliyobanwa, na sisi bado tunategemea hilo hilo: hewa inabanwa mara 16, 17, 18, inazidi nyuzi 500, nozo inanyunyiza, moto. Ringi zikivuja, joto linatoka wapi? Ongeza kwamba Nairobi tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na Timboroa ni zaidi ya 2,700. Hewa yenyewe ni haba tayari.

Mwingine atasema thamostati ni ya baridi ya Ulaya. Basi mbona hata lori la Mombasa linatoka kiwandani nayo? Tena kuna injini ambazo ukiing'oa, maji ya moto yanapita njia ya mkato, yanarudi kwenye injini bila kuiona rejeta. Umeitoa lisichemke, linachemka zaidi! Hongera.

Naona naonyeshwa saa. Haya, upesi. Msitie mafuta ya taa kwenye tangi eti dizeli imeganda. Kuganda huko ni shida ya nchi za theluji, na mafuta ya taa yananyima pampu ulainisho. Mwageni maji ya chini ya filta kila asubuhi. Likiwa gumu kuwaka asubuhi tu na moshi hautoki kabisa, tafuteni hewa inayoingia kwenye paipu ya kuvuta dizeli. Ile dawa ya kupuliza kwenye njia ya hewa ili injini iwake, na hita ya hewa ikiwa imewaka, ni bomu. Nimeona ringi zilizovunjika vipande. Mambo ya betri na unene wa oili nilikuwa nimeyaandika hapa, yatasubiri.

Wewe kaka mwenye kofia, uliyecheka kuliko wote. Lori la bluu hapo nje si lako? Na umelileta sasa hivi kutoka Mlolongo? Nipe ufunguo. Twendeni wote tukashike mpira.